WALIOKWENDA WASIRUDI
Khabari za askari na wapagazi waliopotea katika vita viwili vikuu, na haki yao juu ya walio hai

Yafaa makala haya yaanze na kisa kilichopokewa na Imamu Muslim katika Sahihi yake. Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa vitani pamoja na Masahaba wake, na Mwenyezi Mungu akawapa ushindi. Mapigano yalipokwisha aliwauliza kama wamemkosa mtu. Wakamtajia fulani na fulani. Akawauliza mara ya pili, wakataja wengine. Akawauliza mara ya tatu, wakasema hapana tena. Ndipo alipowaambia kwamba yeye amkosa Julaybib. Basi wakaondoka kumtafuta, wakamkuta amelala kando ya maadui saba aliowaua kabla hajauawa. Mtume akaja akasimama juu yake, akamchukua kwa mikono yake mwenyewe mpaka kaburi lilipokwisha kuchimbwa.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kwamba jeshi halijamaliza kazi yake mpaka lijue nani amerudi na nani hakurudi. La pili, kwamba anayestahili kuulizwa si amiri wala mwenye ukoo mkubwa peke yake, bali hata yule ambaye wenzake waliulizwa mara tatu wasimtaje.

Kwa kipimo hiki ndipo ziangaliwe khabari za watu wa Afrika Mashariki waliochukuliwa katika vita viwili vikuu vya karne ya ishirini, wakaenda wasirudi. Wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu: Wanubi wa Bombo, Waswahili wa pwani, Wasomali, Wayao, na watu wa makabila mengine ya bara waliosilimu. Majina ya baadhi yao yamechongwa katika mawe. Majina ya wengine, nao ndio walio wengi, hayakuandikwa mahali popote.

Hukumu ya mtu aliyepotea

Katika sharia, mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa huitwa mafkudi, na wanavyuoni wamemwekea mlango wake peke yake. Sababu ni kwamba mafkudi husimama kati ya hali mbili, na wote walio nyuma yake husimama humo pamoja naye. Mali yake hairithiwi, kwa maana asili ni kwamba yu hai mpaka upatikane uthibitisho wa kifo chake au kadhi ahukumu. Akifa baba yake, fungu lake huwekwa kando, haligawanywi. Mkewe hakai eda, kwa kuwa hajafiwa. Wala hana mume wa kumtunza, kwa kuwa mume hayuko.

Sayidna Omar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alihukumu kwamba mke kama huyo angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo iwe halali kwake kuolewa. Na Imamu Malik aliishika hukumu hiyo. Sayidna Ali, Mungu amwie radhi, aliona kwamba huyo ni mwanamke aliyepewa mtihani, basi na asubiri mpaka imfikie khabari ya kifo au ya talaka. Na kauli hii ndiyo aliyoielekea Imamu Shafii katika madhehebu yake mapya. Wanavyuoni walikhitalifiana kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Ukifanya haraka, huenda ukamnyang'anya mtu aliye hai mkewe na mali yake. Ukikawia, huenda ukamfunga mwanamke umri wake wote.

Kwamba hofu ya kufanya haraka si hofu ya bure, yaonekana katika jambo lililotokea Somalia ya Kiingereza mwezi wa Agosti 1940. Waitaliani walipoivamia nchi hiyo, ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni Eric Wilson, aliyekuwa akiwaongoza askari wa Kisomali wa Kikosi cha Ngamia, alishika mzinga wa rashasha katika vilima vya Tug Argan tangu tarehe 11 mpaka tarehe 15 ya mwezi huo, ingawa alikuwa na majeraha na homa. Mahali pale palipotekwa, jeshi lilimhesabu kuwa amekufa. Mwezi wa Oktoba serikali ya Uingereza ikatangaza kumpa Msalaba wa Victoria, nishani iliyo kubwa kupita zote za vita, kama mtu aliyekwisha kufa. Mwaka 1941 Waitaliani waliposhindwa, akakutwa yu hai katika kambi ya wafungwa huko Eritrea. Baadaye alifanya kazi ya utawala Tanganyika mpaka mwaka 1961, akaishi hata mwaka 2008.

Lakini vilima vile vile vya Tug Argan vyakumbusha jambo la pili. Ubavuni pa Kapteni Wilson aliuawa sajini wake Msomali, Omar Kujoog. Ulimwengu walijua jina la kapteni wakati walipodhani amekufa, na wakalijua zaidi alipoonekana yu hai. Jina la sajini limesalia kwa sababu tu mkubwa wake aliokoka, akaweza kulitaja. Ni masajini wangapi ambao wakubwa wao hawakuokoka, au waliokoka wasiwataje?

Waliobeba vita vichwani

Vita vya kwanza vilizuka mwezi wa Agosti 1914. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa imezungukwa na nchi za Waingereza, Wabelgiji na Wareno. Amiri wa Wajerumani alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa pili walikuwako Waingereza, Wahindi, Makaburu, na askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Jeshi hili la Keya liliundwa mwaka 1902, na kikosi chake cha nne kilikuwa cha Uganda. Miongoni mwa askari wake walikuwako wengi wa Wanubi, ambao baba zao walikuja na Emin Pasha kutoka Sudani. Mapigano yalianzia mipakani, yakapita Tanga, Kilimanjaro, Tabora na Mahenge, yakaingia Msumbiji, yakaishia Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika nchi ya Zambia. Hapo Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kukoma Ulaya.

Nchi yote hiyo haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Basi kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila kifurushi cha dawa kilipanda kichwani pa mtu. Mpagazi naye alihitaji chakula, na chakula chake kilihitaji mpagazi mwingine. Kwa hiyo kila jeshi lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo watu walivyozidi kutakiwa. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi na watumishi wapatao milioni moja. Hapo kwanza baadhi yao walikwenda kwa kutaka ujira. Ulipofika mwaka 1917, nguvu ikatumika waziwazi, na wakuu wa wilaya pamoja na machifu wakatakiwa kuleta watu kwa hesabu. Jeshi la wapagazi kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza kuwa Kariakoo. Leo Kariakoo ni soko la Dar es Salaam, na Kariokor ni mtaa wa Nairobi. Watu hununua na kuuza humo tangu asubuhi hata jioni, na ni wachache wanaojua kwamba wakitaja jina la mahali hapo wawataja maiti.

Wengi wa wapagazi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria na kwa kichomi. Waliozoea ndizi, mtama au wimbi walipewa unga wa mahindi usiosagwa sawasawa wala kupikwa ukaiva, na matumbo yao yakashindwa. Waliotoka nchi za joto walilala mvuani katika nyanda za baridi. Serikali ya Uingereza iliandika vifo zaidi ya 44,000 vya wapagazi wake, na wanavyuoni wa historia waliochunguza baadaye wamekadiria kuwa walikufa wapatao laki moja. Wapagazi wa Wajerumani walikamatwa vijijini jeshi lilipokuwa likipita, na hesabu ya kutegemewa haikuwekwa. Wabelgiji nao, walipokwenda kuiteka Tabora mwaka 1916, waliwachukua wapagazi wengi wa Kongo, na kadhalika wa Ruanda na Urundi.

Aliyeanguka njiani aliachwa, na mzigo wake ukachukuliwa na mwenziwe, kwa maana msafara haukusimama. Aliyekufa hospitalini alizikwa pamoja na wengine waliokufa siku ile. Jina lake, kama liliandikwa, liliandikwa na karani mgeni kama alivyolisikia: Juma mmoja kati ya Juma wengi, bila ya jina la baba, bila ya kijiji. Hapo ndipo haki nyingine ilipopotea. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa kuwa haikujulikana aliyekufa ni wa nani. Ujira wa aliyekufa ni mali ya warithi wake, nao ni deni shingoni mwa aliyemtumia. Mwenye kulipoteza jina la mtu amepoteza pia njia ya kumlipa.

Vita vilipokwisha, Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita ilikuwa imekwisha kuweka kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila ya kutazamwa cheo chake wala dini yake. Kanuni hiyo ilishikwa Ulaya. Katika Afrika Mashariki, kwa wapagazi na kwa wengi wa askari wenyeji, haikushikwa. Katika miaka ya 1920 iliamuliwa kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na mahali pa majina zisimamishwe sanamu za pamoja. Za Dar es Salaam na Mombasa zilifunuliwa mwaka 1927, na ya Nairobi mwaka 1928. Katika ile ya Nairobi amesimama mpagazi pamoja na askari, na chini yao pana maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yaahidi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Mtu akiizunguka sanamu hiyo akitafuta jina la mpagazi, haoni hata moja.

Meli ya Khedive Ismail

Vita vya pili vilianza mwaka 1939. Keya walipigana Somalia, Habeshi na Madagaska, kisha wakapelekwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi kupigana na Wajapani katika nchi ya Burma. Miongoni mwa misiba yote iliyowapata watu wa Afrika Mashariki katika vita hivyo, hakuna uliochukua watu wengi kwa muda mfupi kama ule wa meli ya Khedive Ismail.

Meli hii iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la Ismail, aliyekuwa Khedive wa nchi hiyo. Vita vilipokuja ilichukuliwa kubeba askari. Mwanzoni mwa mwezi wa Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Pamoja nayo zilikwenda meli nyingine nne, zikilindwa na manowari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511: mabaharia wake, wanamaji wa Kiingereza, wauguzi wanawake, na kundi kubwa kupita yote, watu 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, yaani vijana wa Kiafrika pamoja na maofisa wao wa Kizungu.

Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, katika mwezi wa Safar mwaka 1363 wa Hijra, yapata saa nane u nusu mchana, meli zilikuwa zikipita katika mlango wa bahari ulio kati ya visiwa vya Maldivi, ambavyo watu wake ni Waislamu tangu karne nyingi. Manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, jina lake I-27, ilikuwa ikivizia hapo. Topido mbili zikaipiga Khedive Ismail. Juu kulikuwa na watu waliokusanyika kusikiliza muziki; askari wengi walikuwa vyumba vya chini. Meli ikalala ubavu, ikavunjika, na kwa muda wa dakika mbili hivi ikawa imezama. Waliokuwa chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi.

Msiba haukuishia hapo. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilimtafuta adui, na adui alikuwa amejificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea watu waliookoka. Mabomu ya majini yakaangushwa karibu yao, na wengine waliosalimika na meli hawakusalimika na mabomu. Baada ya mapambano marefu I-27 ilizamishwa siku ile ile. Walipohesabiwa waliookolewa, walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliopotea walikuwa 1,297.

Hakuna kaburi la mtu aliyeshuka na meli ile. Hata hivyo, askari wa Kiafrika waliopotea humo waliandikwa. Katika makaburi ya vita ya Nairobi pana ukumbusho uitwao Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na humo yamechongwa majina ya wapiga mizinga wa Khedive Ismail. Kadhalika waliopotea katika misitu ya Burma. Divisheni ya kumi na moja ya Afrika Mashariki, ambayo kikosi cha nne cha Keya cha Uganda kilikuwa ndani yake, ilishuka bonde la Kabaw katika masika makali ya mwaka 1944, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Waliokufa huko wasionekane makaburi yao wametajwa katika Ukumbusho wa Rangoon, ulio katika makaburi ya Taukkyan, pamoja na wenzao wa Bara Hindi na nchi nyingine. Majina yote yaliyomo yakaribia 27,000.

Jambo hili lina maana kubwa. Bahari haina alama, na msitu wa Burma hufuta njia kwa mvua moja. Hata hivyo majina yalipatikana, kwa kuwa yaliandikwa kabla watu hawajaondoka. Basi haiwezi kusemwa kwamba wapagazi wa vita vya kwanza walikosa majina kwa sababu walikufa mahali pa mbali. Walikosa kwa sababu waliowatuma hawakuona haja ya kuyaandika, na walioyaandika baadhi hawakuona haja ya kuyahifadhi.

Sala iliyowapita

Wako wasemao: jina juu ya jiwe la mnara lamfaa nini Mwislamu? Mwenyezi Mungu amjua kila mja wake, na hapana jani lianguKalo asilijue. Neno hili ni kweli, lakini halimalizi mambo. Mwenyezi Mungu hahitaji kuandikiwa. Walio hai ndio wanaohitaji, kwa sababu wana haki za kutimiza, na haki haitimizwi kwa mtu asiyejulikana.

Haki ya kwanza ni sala. Mtume aliposikia kwamba Najashi mfalme wa Habeshi amefariki, aliwapanga Masahaba safu huko Madina akamsalia, na maiti iko ng'ambo ya bahari. Kutokana na tendo hilo wanavyuoni wa Kishafii wamehalalisha sala ya ghaibu. Lakini wameweka sharti: mwenye kuisali awe yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuwajibikiwa na sala siku ile aliyekufa alipokufa. Wazee wa Bombo, wa Tabora na wa Mombasa waliokuwako mwaka 1917 wangaliweza kuwasalia watoto wao, lau wangalipata khabari. Wengi hawakupata. Walingoja, na mwenye kungoja hasali sala ya maiti. Leo wazee hao wote wamekwisha kwenda, na waliozaliwa baadaye mlango huo kwao umefungwa. Huu ndio msiba ulio ndani ya msiba: si kwamba watu walikufa tu, bali sala iliwapita kwa sababu ya daftari isiyoandikwa.

Haki ya pili ni ya kushuhudia hali waliyofia. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume amewataja katika mashahidi aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo na aliyekufa kwa kuzama majini. Wanavyuoni wamewaita mashahidi wa akhera: huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, na malipo yao ni kwa Mola wao. Mwenye kuwafikiri wapagazi waliokufa kwa kuhara damu na wapiga mizinga waliozama karibu na Maldivi ataona kwamba vifo viwili vilivyowachukua wengi ni vifo hivyo hivyo. Kwa Waislamu waliokuwamo, ni vema jamaa zao wayajue haya, maana katika nyumba nyingi kifo cha mpagazi kilisemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kifo cha aibu.

Wako pia wasemao: vita hivyo havikuwa vya Waislamu wala vya Waafrika, vilikuwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya, basi ya nini kuwatukuza waliokufa humo? Ni kweli kwamba wapagazi wengi walikamatwa kwa nguvu. Ni kweli pia kwamba Waislamu walikuwa pande zote mbili. Mwezi wa Novemba 1914 Sultani wa Uturuki alitangaza jihadi akiwa upande wa Wajerumani, na Wajerumani wakaueneza mwito huo Afrika Mashariki. Ilhali Waislamu wa Keya walikuwa wakipigana chini ya bendera ya Waingereza, na Mwislamu akamwua Mwislamu mwenziwe. Lakini kumkumbuka aliyekufa si kuvisifu vita vilivyomwua. Mtu aliyedhulumiwa katika kuchukuliwa kwake hastahili kudhulumiwa mara ya pili kwa kusahauliwa.

Kuna kisa kingine kinachotosha kuwa hoja. Palikuwa na mtu mnyonge, katika riwaya moja ni mwanamke mweusi, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafariki, watu wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, wakiona kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akaambiwa amekufa. Akawalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Hakuridhika na dua ya mbali. Alitaka kujua ni kaburi gani. Basi na wale wasemao kwamba wapagazi walikuwa watu wadogo mno kuandikwa, jibu lao ni hilo.

Majina yanayotafutwa

Mwezi wa Aprili 1921 ungalikuwa wakati mwema wa kuyatengeneza haya. Yalikuja mwezi wa Aprili 2021. Mwaka huo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo ile Tume ya Kifalme kwa jina jipya, ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi mbele ya Bunge.

Kuomba radhi ni maneno, na maneno hupimwa kwa vitendo. Kitendo kimoja kimekwisha kuonekana. Mwezi wa Januari 2025 ulifunuliwa Cape Town, Afrika ya Kusini, ukumbusho wa watu weusi zaidi ya 1,700 waliofanya kazi za jeshi wakafa katika vita vya kwanza. Majina yao yalitafutwa katika karatasi za zamani, na kila mmoja akasimamishiwa nguzo ya mti yenye jina lake. Walikaa zaidi ya miaka mia moja bila ya kutajwa. Lakini karatasi zilipofunguliwa, walikuwamo.

Katika Afrika Mashariki karatasi nyingi zimepotea. Kilichosalia zaidi kimo katika nyumba za watu: cheti kilichokunjwa ndani ya msahafu, nishani iliyowekwa sandukuni, mtoto aliyepewa jina la babu asiyerudi, kikongwe anayekumbuka kwamba bibi yake alikataa kuolewa tena kwa kuwa hapana aliyemletea khabari. Mambo haya hayakai milele. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kufa, na watoto wao ni wazee.

Kwa hiyo kila msikiti wafaa uwe na daftari yake. Ndani yake liandikwe jina la mtu, na la baba yake, na la babu yake, kijiji alichotoka, mwaka aliochukuliwa, kikosi chake, kama kilijulikana, na jina la mtu aliyemwona mara ya mwisho. Lisilojulikana liachwe wazi, lisijazwe kwa kukisia, kwa maana ushahidi wa kukisia huharibu ule wa kweli. Kisha majina hayo yalinganishwe na orodha ya Tume, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na yale yasiyokuwamo yapelekwe yakadaiwe. Sala ya ghaibu imepita, lakini dua haijapita, wala sadaka, wala khitma. Na mwenye kuombewa kwa jina lake na la baba yake hakusahauliwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliokufa barabarani na mizigo vichwani, na waliozama baharini, na waliolala katika misitu ya ugenini. Awalipe wajane wao kwa miaka waliyongoja, na awajaalie walio hai kuwa watu wa kuuliza nani amekosekana. Amin.